Uzoefu wangu na EPIRB: ilipolia tukiwa gatini

Boti niliinunua kwa mtu, ikaja na EPIRB yake, kile kifaa cha kuita msaada baharini kupitia setilaiti. Nilibonyeza kitufe cha kukipima, taa ikawaka, nikaridhika. Mwaka mzima sikuwahi kuuliza kimesajiliwa kwa jina la nani.

Siku moja tukiwa gatini nilikichomoa kwenye kishikio chake nikisafishe, nikakilaza juu ya sitaha iliyolowa. Kikiwa nje ya kishikio kisha kikaguswa na maji, hujiwasha chenyewe. Kugeuka, naona taa inamweka! Nilikizima, nikaita kituo cha uokoaji kwa redio kueleza kwamba hakuna aliye hatarini. Hilo ni lazima. Ukizima ukanyamaza, watu watatoka kukutafuta. Walikwisha pata ishara na mahali tulipo. Ila waliyempigia simu ni mwenye boti wa zamani, naye akawajibu kwamba chombo alishakiuza. Usiku ule sikupata usingizi.

Ishara ya megahezi 406 hubeba namba ya kifaa, na chenye GPS kama changu huongeza mahali kilipo. Setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji, huinasa na kuishusha kwenye vituo vya ardhini, ndipo habari hufika kwa waokoaji. Namba peke yake haiwaambii wanatafuta jahazi au boti, jeupe au la buluu, wala ndugu gani wa kuulizwa. Yote hayo yamo kwenye usajili.

Kwa kazi yake nakisifu bila kusita. Hakina ada ya mwezi, na kikiwashwa hutuma kwa saa 48 au zaidi. Hutoa pia ishara ya megahezi 121.5, setilaiti ziliacha kuisikiliza Februari 2009, lakini helikopta na meli huifuata zikishakaribia.

Kinachoniudhi ni betri: kwa kifaa kama changu huwezi kuibadilisha mwenyewe, lazima umpelekee fundi aliyeidhinishwa. Na kile kifyatuo kinachokiachia kifaa kielee boti ikizama mita chache kina tarehe yake tofauti, changu kilikuwa kimepitwa. Kamba ya kifaa nayo, tafadhali, msiifunge kwenye chombo, kitazama nacho. Ifungeni kwenye chelezo cha uokoaji au mwilini.

Sasa namba ya simu iliyosajiliwa ni ya dada yangu, na kila tunapong'oa nanga namwambia tumo wangapi.