Bima ya gari kwa kijana wa miaka 18 Mombasa: ipi uinunue kwanza

Mwanangu amepata leseni mwezi wa pili. Sheria ya Kenya haimpi mtu leseni ya gari dogo kabla hajatimiza miaka 18, kwa hiyo tunapozungumza bima ya kijana tunazungumzia huyu wa miaka 18 au 19, aliyetoka shule ya udereva juzi na anataka funguo za gari la nyumbani leo.

Nilizungumza na mawakala watatu: mmoja Moi Avenue, mmoja Nyali, wa tatu kwa simu tu. Wote walianza na bei. Hakuna aliyetaja eksesi mpaka nilipouliza, na hapo ndipo penye pesa zenu.

Eksesi ni kiasi unachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Dereva akiwa chini ya miaka 25, au leseni yake ni changa, kampuni nyingi huongeza eksesi nyingine juu ya ile ya kawaida. Dadangu aliyajua haya kwa uchungu. Gari lake lilikuwa na bima kamili ya thamani ya shilingi 900,000. Kijana wake alikuwa akipita Kongowea asubuhi ya soko, tuktuk mbele yake ikasimama ghafla kuchukua abiria, akaigonga. Tuktuk ilichubuka kidogo tu. Gari likavunjika bampa na taa moja, fundi akataka 38,000. Mkataba ulisema eksesi ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari, yaani 22,500, na dereva kijana anaongeza 10,000. Kampuni ikamlipa 5,500, na mwaka uliofuata akapoteza punguzo lake la kutodai, yaani nafuu ya ada anayopewa asiyedai. Alikuwa amelipa bima miaka minne bila kudai hata senti.

Kwa hiyo mpangilio wangu haufuati bei ya kuanzia. Unafuata siku ya ajali itakavyokuwa.

1. Bima kamili ya gari la familia, jina la kijana likiwa limeandikwa

Kwa nyumba nyingi hii ndiyo ya kwanza. Inalipa gari lenu na madhara mliyomtendea mwingine. Ada yake ni asilimia ya thamani ya gari. Tuseme umepewa asilimia 4 kwa gari la 900,000: ni 36,000, kisha tozo mbili za asilimia 0.25 na 0.2 ya ada hiyo, yaani 162, na stempu ya shilingi 40. Jumla 36,202. Wakala akikutajia ziada kubwa kuliko hapo, mwambie aiandike mstari kwa mstari.

Mwambie wazi kwamba kijana ataendesha. Najua wazazi wanaoficha ili ada isipande. Bima ni mkataba wa ukweli. Ukificha jambo kubwa, kampuni ina pa kushikia siku ya kudai. Kisha uliza kinga ya eksesi, nyongeza ndogo inayofuta ile sehemu yako. Usiishie hapo: uliza kama inafuta na eksesi ya dereva kijana, kwa sababu mikataba mingine huiacha nje kimyakimya. Jibu ulitake kwa maandishi.

Thamani ya gari nayo isishushwe ili uokoe ada. Gari la 900,000 ukilikatia bima ya 600,000, umelikatia theluthi mbili tu, kwa hiyo hasara ya 90,000 inaweza kulipwa 60,000 tu, na eksesi bado haijakatwa. Kampuni ikikutuma kwa mthamini, nenda mapema.

Sisi wa Pwani tuna la ziada: masika. Mvua za Aprili na Mei zikijaa barabarani, injini hunywa maji. Hakikisha neno mafuriko limo kwenye mkataba. Kutu ya hewa ya chumvi usiitarajie, huhesabiwa uchakavu.

2. Takafuli

Kwa wanaokwepa riba, Kenya ina kampuni ya takafuli tangu 2011. Wanachama huchangia mfuko mmoja wa kusaidiana. Ningeiweka sawa na ya kwanza, ila utakuwa na wachache wa kulinganisha bei. Maswali ya eksesi ni yaleyale.

3. Thadi pati, ikiwa gari ni kuukuu

Thadi pati hulipa tu madhara mliyomtendea mwingine, si gari lenu. Gari la miaka mingi, ambalo kampuni nyingi hazitalikubali kwenye bima kamili, halina haja ya zaidi. Hii ndiyo bima ambayo sheria, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Bampa lenu mtajitengenezea wenyewe.

Lakini mzazi asome mambo mawili. Kwa mtu aliyeumia, sheria inaibana kampuni hadi shilingi milioni 3. Mahakama ikiamua zaidi, deni linaweza kukufikia wewe mwenye gari. La pili linaninyima usingizi: sheria haikulazimishi kuwakatia bima abiria unaowabeba bure kwenye gari la kibinafsi. Na kijana wa miaka 18 huwa hatembei peke yake. Jumamosi jioni anawabeba wenzake wanne kwenda Mama Ngina. Uliza kama abiria wamo, na kama hawamo, lipa nyongeza hiyo kabla ya nyingine yoyote.

4. Thadi pati pamoja na moto na wizi

Naiweka mwisho. Kijana mgeni barabarani hatari yake ni kugonga, na kugonga ndiko isikokulipa. Inafaa tu kama gari hulala nje na lina kifaa cha kufuatilia.

Jambo moja linawahusu vijana wetu hasa. Akianza kubeba abiria wa kulipa kupitia programu za teksi, ile bima ya kibinafsi haimlindi. Matumizi yamebadilika, na cheti lazima kibadilike kabla ya safari ya kwanza. Kaa naye umwambie waziwazi, maana wengi huanza "kwa wikendi tu".

Ukilipa, usiridhike na risiti ya M-Pesa. Cheti siku hizi ni cha kidijitali. Linganisha namba ya gari, tarehe na aina ya matumizi kabla hujampa mtoto funguo. Ukinunua cha mwezi mmoja mmoja, weka ukumbusho kwenye simu zenu wote wawili.

Mimi nimechukua ya kwanza, na kinga ya eksesi, na abiria. Nimekaa na mwanangu mezani, tukausoma mkataba pamoja, jina lake liko ukurasa wa pili. Alipofika kwenye mstari wa 10,000 akauliza, "Mama, hii nikigonga ni mimi?" Nikamwambia ndiyo, baba, ni wewe.