Makasha ya njumu Mji Mkongwe: kipi ununue, kipi uache

Maduka ya Mtaa wa Gizenga, Unguja, yanauza makasha mengi ya njumu (mapambo ya shaba na vichwa vya misumari) yanayoitwa "ya kale". Mengi ni mapya, na si vibaya, ilimradi usitozwe bei ya ukale. Makasha ya zamani mengi yaliletwa na majahazi kutoka India na Ghuba, yakiwa ya msaji (mtiki).

Usianzie mbele, huko ndiko fundi alikopambia. Vuta mtoto wa chini (droo) umtoe kabisa, umgeuze. Mbao ya zamani imekolea rangi ya hudhurungi, na kingo zake zimelika pale zinaposuguana. Ukikuta plaiwudi au harufu ya vanishi, umeshajibiwa. Kisha pitisha sumaku juu ya njumu: shaba haishiki. Ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa rangi au shaba, na kwa chumvi ya pwani kitatoa kutu na kuchafua mbao. Bawaba mpya peke yake isikukimbize; kasha linalotumika hubadilishwa bawaba.

Unga laini chini ya vitundu ni wadudu wanaotafuna bado. Kijisanduku kidogo kifunge kwa nailoni, ukiweke kwenye friza ya nyuzi -18 kwa wiki mbili. Kasha kubwa la namna hiyo liache dukani.

Nyumbani, kasha ulilonunua liinue sentimita 3 kutoka sakafuni. Ndimu na majivu usithubutu kusafishia shaba: tindikali hubaki chini ya vichwa vya misumari, ikaota ukijani. Kitambaa kikavu na nta kidogo ya nyuki vinatosha.

Kwa kanga na udi, halina mpinzani. Vitabu ni vizito mno kwa ubao wake wa chini.