Flashi au hadidiski ya nje: taarabu zako uziweke wapi?

Hapa Unguja suala hili haliishi kwa wenye kushusha taarabu na mawaidha kwenye kompyuta ya nyumbani.

Kwa bei, flashi inashinda. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 1 kwa dakika, kwa hiyo flashi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 500. Ukiifomati (kuiandaa upya, jambo linalofuta vilivyomo) kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili, redio nyingi za gari zinaisoma moja kwa moja. Hadidiski mara nyingi huja na NTFS, mpangilio mwingine, na redio nyingi haziifahamu.

Kwenye kudumu, mambo yanageuka. Niliwahi kuchomoa flashi yangu kabla kunakili hakujaisha: nyimbo tatu zikakatika katikati ya udi, na za kwenye kompyuta nilikwishazifuta. Mpaka leo inaniuma. Siku hizi nanakili, nasikiliza faili la mwisho mpaka mwisho, ndipo nafuta. Hadidiski nayo ina sahani inayozunguka ndani; ikianguka ikiwa kazini huweza kufa. Hewa ya chumvi hula plagi za vyote viwili, basi vitie kwenye kopo lenye kifuniko.

Ukitaka nyimbo za kusikiliza safarini kwenda Pemba, flashi inatosha. Lakini kama ni kanda za wazee ulizozigeuza mafaili, zisizopatikana tena popote, mimi ningenunua hadidiski, na nakala ya pili ningeiweka kwa ndugu, nyumba nyingine kabisa.