Unga wa fangasi wa mizizi: mzuri kwa vitunguu, hasara kwa kabichi

Fangasi rafiki wa mizizi wanaouzwa kama unga kwenye maduka ya pembejeo wanafaa kununuliwa, ila kwa zao sahihi, na hasa kitaluni. Soma lebo kwanza. Ukiona Rhizophagus au Glomus, ndio wenyewe. Pakiti yenye Trichoderma peke yake ni bidhaa nyingine: kazi yake kubwa ni kupambana na magonjwa ya udongoni.

Ushirika wa fangasi hawa na mimea ni wa kale mno. Kwenye mawe ya Rhynie, Uskoti, yenye umri wa miaka milioni 407 hivi, umo mmea uitwao Aglaophyton, usio na mizizi halisi wala majani. Ndani ya seli zake wamehifadhika fangasi wenye vitawi vidogo vidogo, kama vile vinavyoonekana leo kwa darubini ndani ya mzizi wa kitunguu. Fangasi huleta fosforasi, mmea hulipa sukari na mafuta. Bila mzizi hai hawakamilishi maisha yao, ndiyo maana kuwazalisha ni ghali.

Kabichi, sukuma wiki na chainizi ziliuacha ushirika huo zamani. Spinachi na mchicha kwa kawaida nazo haziwapokei. Huko usipoteze hata kijiko. Vitunguu, nyanya, hoho na mihogo hunufaika sana.

Unga lazima uguse mzizi. Changanya na udongo wa trei, au weka chini kidogo ya mbegu, kwa kipimo cha lebo. Kuunyunyiza juu juu ni kazi bure. Subiri wiki 2 hadi 4 fangasi washike. Trei za kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) ndizo zinazoonyesha faida zaidi kwa kuwa hazina fangasi wa asili. Shamba lenye samadi ya kutosha na lisilotifuliwa sana huwa nao tayari, tofauti utaiona kwa shida.

Kinachoharibu mara nyingi ni DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi. Mche ukishiba fosforasi hauwalishi tena fangasi. Carbendazim, dawa ya kuua fangasi, ikimwagiwa udongoni nayo huwadhoofisha, na pakiti iliyokaa juani dukani huenda ina spora (vijimbegu vya fangasi) zilizokufa, hata kama tarehe haijapita.

Kwa macho huwezi kuwaona fangasi hawa. Utando mweupe juu ya mzizi si wao. Acha trei moja bila unga, kisha siku ya kuhamishia miche shambani linganisha urefu na uzito.