Skrubu moja iliyojificha chini ya darubini: uzoefu wangu na fundi aliyenifungia

Miezi kadhaa iliyopita nilimpelekea fundi wa silaha bunduki yangu ya kuwindia pamoja na darubini mpya, nikamlipa aifunge na kuilinganisha, yaani ahakikishe kwamba pale msalaba wa kulengea uliomo ndani ya darubini unapokaa ndipo risasi inapotua. Aliingiza kifaa cha leza mdomoni mwa mtutu, akazungusha virekebishi mpaka msalaba ukakutana na nukta nyekundu ukutani, kisha akanirudishia silaha akisema, "Hii tayari, wewe kapige tu."

Kauli hiyo ilipaswa kunizindua palepale. Leza haijui lolote kuhusu risasi, kwa sababu mwanga huenda mnyoofu ilhali risasi huanza kushuka mara inapotoka mtutuni. Kazi yake ni kukusaidia uipate karatasi ya shabaha, na kulinganisha kwenyewe hufanywa kwa kupiga. Yeye hakupiga hata risasi moja.

Katika uwanja wa shabaha nilianza na mita 25, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga, na matundu matatu yakakaa karibu karibu hata nikamsifu fundi kimoyomoyo. Kwa mita 100 kundi lilishuka sentimita 8 hivi chini ya kitovu. Tiki moja ya darubini yangu, yaani hatua moja ya kirekebishi, husogeza pigo sentimita 1 kwa umbali huo, kwa hiyo nilipandisha tiki 8, nikauacha mtutu upoe, nikapiga tena tatu: mbili zilitua palepale pa mwanzo na ya tatu ikaruka upana wa kiganja kuelekea kulia. Nikazungusha tena, nikapiga tena, na kadiri nilivyorekebisha ndivyo matundu yalivyotawanyika, mpaka sanduku zima la risasi likaisha bila kundi moja la kueleweka.

Nilimpigia simu. Hakuuliza nimepiga umbali gani wala matundu yamekaaje. "Darubini haina tatizo, mzee. Tatizo ni anayeishika." Nakiri kwamba maneno hayo yaliniingia, kwani kwa wiki nzima nilifanya mazoezi ya kubana triga kwenye bunduki tupu kama mwanafunzi, nikijilaumu kwa kosa ambalo halikuwa langu.

Hatimaye niliifungua darubini mwenyewe. Pete zinazoishika darubini zilikuwa zimekaza vizuri. Lakini reli inayozibeba pete hizo imeshikwa na skrubu ambazo darubini ikishafungwa huzioni, na ile ya nyuma kabisa niliizungusha kwa ncha ya kidole, bila bisibisi, robo nzima ya mzunguko. Nyuzi zake ziling'aa kwa mafuta, bila chembe ya gundi ya kuizuia isilegee. Kila risasi ilipolia reli iliinuka kidogo na kukaa mahali papya, nami nikawa nalinganisha kitu kinachotembea. Sasa naelewa pia kwa nini mita 25 zilinidanganya: kosa lilelile huonekana dogo mara nne kwa umbali huo.

Nilifuta mafuta kwa spiriti, nikatia gundi ya skrubu, nikakaza, kisha nikachora mstari wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye reli ili ikilegea nione. Safari hii matundu matatu yalifunikwa na vidole viwili. Nilipandisha tiki 20 na kushusha 20, na risasi iliyofuata ikarudi kundini. Kwa hiyo darubini, ambayo nilikuwa nimeshaiandikia maneno makali, naiomba radhi, ni nzuri.

Kuhusu fundi, nilikusudia kumpa nyota mbili kati ya tano, kwa sababu haki ni haki: msalaba aliusimamisha wima kabisa, jambo ambalo wengi hulikosea, na mimi pia nilipaswa kukagua skrubu kabla ya kuunguza risasi zote zile. Kisha nikamtumia picha ya skrubu ile yenye mafuta. Alijibu baada ya siku mbili: "Sasa si imeshakaa sawa?" Nyota moja nimeirudisha mfukoni, na hii iliyobaki ni ya msalaba, si yake.