Mchezaji mzee mwenye majeraha: umsaini kama timu ya besiboli ya Oakland au kama ya Toronto?

Mi nasema mchukue, ila angalia mkataba. Cheki Frank Thomas, mpigaji wa besiboli. 2005 kwenye timu yake ya Chicago White Sox mguu wa kushoto ulimsumbua akacheza mechi 34 tu, umri 37, timu ikamwacha aende, watu wakaona keshaisha huyo.

Oakland wakamsaini 2006 mwaka mmoja, dola 500,000 tu za uhakika, zingine azipate akicheza, na hawakumkimbiza uwanjani kudaka mipira, kazi yake ilikuwa kupiga tu basi. Alipiga homurani 39 (mpigo unaopeleka mpira nje ya uwanja)! Mwezi wa tano akarudi Chicago kama mgeni, mashabiki wake wa zamani wakasimama kumpigia makofi, naye akawatwanga homurani mbili siku hiyo hiyo, na mwisho Oakland wakachukua ubingwa wa divisheni yao. Yaani hata angeumia wiki ya kwanza, hasara ingekuwa ndogo mno.

Toronto wakaja na miaka miwili, kama dola milioni 18. Sawa, 2007 alipiga homurani 26 na akafikisha ya 500 katika maisha yake ya mchezo, siyo utani. Lakini aprili 2008 gongo lake la kupigia likagoma, akawekwa benchi, akakasirika, wakamwachia na hela wanamlipa. Alienda wapi? Oakland tena, kwa bei chee.

Kwa mimi ni Oakland kabisa, mwaka mmoja mmoja, maana goti au kifundo cha mtu wa miaka 38 huwezi kukiwekea dhamana ya miaka miwili.