Rangi ya Grili Iliyochubuka: Ununue Ipi, Uache Ipi

Gari linaloshinda barabara ya Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho, hasa likifuata malori ya miwa na ya kokoto, halikawii kuchubuka grili, ule wavu wa mbele ya rejeta. Mwenye gari huingia duka la rangi, akanunua kopo moja la rangi nyeusi na kulipuliza Jumamosi. Gari likishaoshwa kwa presha mara tatu, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Si kwamba alichagua rangi mbaya. Alichokosa ni praima, ile tabaka ya kwanza inayoshika plastiki, na hiyo hakuinunua kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya rangi, ng'oa grili ugeuze mgongo wake. Utakuta herufi ndogo zilizochongwa kwenye plastiki, zinazotaja aina yake: ABS au PP. Grili nyingi ni ABS, ambayo hupokea praima ya kawaida ya 2K (ya sehemu mbili, inayochanganywa na hadena, yaani kigumishi) au ya akriliki vizuri ikishakwaruzwa kwa msasa. PP ndiyo mkaidi. Ina ngozi ya mafutamafuta isiyoshikwa na rangi yoyote, kwa hiyo lazima ianze na praima maalumu ya plastiki, ile nyembamba inayoonekana kama maji. Herufi zikiwa zimefutika, kata kijipande kidogo upande usioonekana ukitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. ABS huzama, PP huelea. Lakini kipimo hiki si cha kuapia, maana PP iliyochanganywa talki nyingi nayo huweza kuzama. Ukibaki na shaka, nunua praima ya plastiki. Kwenye ABS haina madhara.

Sasa rangi zenyewe, kuanzia inayodumu zaidi.

Ya kwanza ni rangi ya besi (ile yenye rangi yenyewe) kufunikwa na kilia ya 2K (tabaka angavu la juu), ikipulizwa kwa bunduki ya kompresa. Kilia hii hukauka kwa kushikana na hadena, si kwa thina kupaa tu, ndiyo maana petroli, sabuni na jua haviilainishi. Kwa grili ya gari dogo, robo lita ya besi na robo lita ya kilia hutosha na kubaki. Uwiano unaokutana nao sana ni vipimo viwili vya kilia kwa kimoja cha hadena, ila wenye kauli ya mwisho ni mkebe: kuna kilia za nne kwa moja, na ukikosea, rangi hubaki ikinata wiki nzima au inakuwa kavu ya kupasuka. Usikubali hadena ya kupimiwa kutoka mkebe uliofunguliwa juzi. Hadena hunywa unyevu wa hewani, na kwa hewa ya Kisumu hiyo ni kazi ya siku chache. Ukiona imekuwa na ukungu, chembechembe au utelezi kama jeli, imekufa. Nunua mkebe mdogo wenye kizibo kisichoguswa, hata kama unauzwa ghali kidogo.

Mvuke wa hadena ni sumu kwa mapafu. Kitambaa cha pua au barakoa ya vumbi havizuii chochote hapo. Kama huna barakoa ya vichujio vya kemikali na mahali penye hewa ya kutosha, mpe fundi mwenye vifaa, lakini vitu nunua wewe. Fundi akiachiwa anunue, praima ya plastiki ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti, kwa sababu ikishafunikwa haionekani.

Ya pili ni makopo matatu ya mililita 400: praima ya plastiki, rangi ya akriliki, na kilia. Ukilipata kopo la kilia ya 2K lenye kitufe chini, chukua hilo. Kitufe kikibonyezwa hadena huachiliwa ndani, na baada ya hapo una siku moja au mbili tu kabla halijagandia humo, na ile tahadhari ya mvuke ni ileile. Nunua makopo yote ya chapa moja ikiwezekana. Akriliki yenye thina kali ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa, uso wote hujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, na hakuna dawa ila kukwangua kila kitu.

Ya tatu ni rangi nyeusi ya bampa, isiyong'aa. Kwa gari la kazi, Probox au pikapu ya shamba, hii ingefaa kupanda hadi nafasi ya kwanza. Haihitaji kilia, na jiwe likipiga tena unapuliza hapohapo bila mpaka kuonekana. Huchuja rangi juani mapema kuliko 2K, basi.

Ya nne, rangi ya mpira inayobandukika. Ni ya mtu anayetaka kujaribu sura mpya miezi michache. Petroli huiyeyusha, na presha ya kuoshea gari ikipata ukingo mmoja, inaivua yote.

Mwisho kabisa: NC (rangi ya nitroselulosi) na rangi ya mafuta ya mabati. NC hukauka haraka na mafundi wengi wanaipenda kwa hilo, lakini ni kavu, hupasuka plastiki inapotikisika, na thina yake hula ABS hadi uso unakuwa na nyufa nyembamba kama nywele.

Kama vishikio vya grili vimekatika, usipake. Tafuta grili nzima ya mtumba.

Vitu vya pembeni ndivyo vinavyoamua. Msasa wa maji namba 320, 600 na 800, karatasi mbili mbili. Sabuni ya vyombo, brashi ya meno, na spiriti ya kufutia. Ukichukua spiriti ya duka la dawa soma lebo, maana nyingine zina mafuta ya mbarika, ambayo huacha utando. Petroli usiguse. Dawa ya kung'arisha tairi na dashibodi ina silikoni, na tone lake moja hufanya rangi ikimbie na kuacha vitobo vya mviringo. Ndiyo maana unaosha kwanza, ndipo unapiga msasa. Ukianza na msasa, unaisugua silikoni ndani ya mikwaruzo.

Pale palipochubuka, pitisha ukucha kwenye ukingo wa rangi ya zamani. Ukinasa, bado. Piga 320 hadi ukingo uyeyuke usihisiwe tena, kisha 600. Bandika tepu ngumu uivute kwa ghafla: rangi ya zamani ikifuata, yote itoke. Grili ya kromu ina shida yake. Kromu inayobanduka hukata kidole kama wembe, na juu ya mng'ao wake hakuna kinachoshika. Vaa glavu, toa magamba yote, fifisha iliyobaki kwa 320, halafu weka praima ya epoksi.

Kupuliza ni kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, tabaka tatu nyepesi, dakika 10 kati yake. Anza na kingo na ndani ya vipitisho vya hewa, uso wa mbele uwe wa mwisho. Kisumu fanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Mchana mvua huweza kunyesha na unyevu huacha ukungu mweupe kwenye rangi, na jioni visubi vya ziwani hufuata taa na kuganda kwenye kilia mbichi, mabawa na yote. Nakuru adui ni vumbi, kwa hiyo mwagia sakafu maji kwanza. Asubuhi za baridi za Julai, tia kopo kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, kamwe si ya kuchemka wala karibu na moto.

Siku saba hakuna presha, siku 30 hakuna nta. Kopo likibaki na rangi, lipindue chini juu na kupuliza mpaka itoke hewa tupu, ndipo pua yake isizibe kabla ya jiwe linalofuata.